Ivanhoe na Lugha ya Walioshindwa

Katika riwaya ya Ivanhoe (1819) ya Walter Scott, mchekeshaji Wamba anamweleza mchungaji Gurth kwamba nguruwe akiwa hai huitwa kwa Kisaksoni, ila akifika mezani kwa mabwana huitwa kwa Kifaransa. Tunaisifu taswira hii: uvamizi wa Wanormani wa 1066 uliacha alama katika msamiati wa Kiingereza.

Hata hivyo, mwandishi anapotosha anapowachora Wasaksoni na Wanormani kama maadui waliotengana hata miaka ya 1190. Kabla ya hapo Richard FitzNigel, mweka hazina wa mfalme, aliandika kwamba walikwisha kuoana hata wasitambulikane, isipokuwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi za mabwana. Iliyodumu ni tofauti ya tabaka. Basi tufundishapo maneno ya mkopo, tuulize: nani alichunga, nani alikula?