Taya Limefungwa, Wao Wakajaza Shavu

Mliokuwepo kwenye kikao cha kujadili wagonjwa mliiona ile slaidi ya nne. Mtoto wa miaka minane kutoka kisiwa cha Pate. Kidevu kimekwenda kulia, shavu la kulia limejaa, la kushoto limekuwa bapa. Akifungua kinywa mpaka mwisho, rula inasoma milimita 6. Uamuzi uliotolewa na kutekelezwa: mafuta ya tumboni yachomwe kwenye shavu la kushoto, kidevu kikatwe kisogezwe katikati, na kiungo cha taya kisubiri mtoto akue. Ni kosa, na si kosa dogo.

Shavu la kushoto halina ugonjwa. Ugonjwa uko kulia, ndani ya lile shavu lililoonekana zuri. Taya la chini hutegemea sana kichwa chake kilicho mbele ya sikio ili likue sawasawa. Mtoto akiangukia kidevu, awe ameanguka kutoka mnazini au mgongoni mwa punda, kichwa hicho huweza kuvunjika bila mtu kujua. Damu inajaa kwenye kiungo, maumivu yanamfanya asifungue kinywa, na taratibu mfupa unashikana na fuvu. Upande huo unadumaa huku wa pili ukiendelea kukua na kukisukuma kidevu kuelekea upande mgonjwa. Nyama za upande mgonjwa hujikusanya juu ya mfupa mfupi, shavu likaonekana nene. Za upande wa pili huvutwa juu ya mfupa mrefu, shavu likalala. Kila anayesoma fani hii ya upasuaji wa kurekebisha maumbile hutahadharishwa mapema juu ya mtego huo.

Linaloniudhi ni kwamba timu ya upasuaji haikunaswa kwa kutojua. Kijiti cha kukandamizia ulimi kiliumwa kwa magego ya pande zote mbili, tukaona sote ncha yake ya kulia imepanda ukilinganisha na mstari wa mboni za macho. Mtoto alipojaribu kupanua kinywa, kidevu kilizidi kukimbilia kulia. Kwenye CT skani, nafasi ya kiungo cha kulia haikuwepo, pamebaki bonge la mfupa. Msomaji wa picha alilitaja kwa jina lake, ankilosisi, yaani kiungo kilichoshikana. Utambuzi ulikuwa mezani, halafu ukawekwa kando ili itibiwe picha ya pasipoti.

Nimesikia utetezi: mama alilalamikia sura, mtoto anachekwa shuleni na madrasa. Namwelewa mama. Lakini mama huyo huyo alisema, na imeandikwa kwenye faili, kwamba mtoto anakoroma usiku na anakula uji na vitu vya kusukumia kwenye pengo la jino. Taya lililorudi nyuma linabana njia ya hewa. Na kuna hesabu ya baadaye ambayo hakuna aliyeifanya kwa sauti: siku kiungo kitakapofunguliwa na taya kurudishwa katikati, shavu la kushoto litajitokeza lenyewe, na mafuta yaliyowekwa, yale ambayo mwili haukuyanyonya, yatakuwa ziada upande usiohitaji kitu. Kidevu nacho kimekatwa katika umri ambao machonge ya kudumu bado yamo ndani ya mfupa.

Mikono yao siikosoi: nusu kaputi ilikuwa safi, mpira ulipitishwa puani kwa kamera bila vurugu, na mishono ya ndani ya mdomo ni ya fundi.

Kosa ni la uamuzi, maana njia inajulikana. Tangu 1990 tuna mpangilio wa daktari wa upasuaji Kaban na wenzake: ondoa mfupa wote ulioshikana, kata koronoidi (ncha ya taya iliyo mbele ya kiungo) ya upande huo, na ya upande wa pili kinywa kikigoma, usitoke mezani kabla ya kinywa kufunguka milimita 35. Tandika misuli ya panja kati ya fuvu na taya, jenga kichwa kipya kwa ubavu wenye gegedu. Ubavu huo daktari wa upasuaji Gillies aliutumia kwenye kiungo hiki tangu 1920, bila CT skani wala kompyuta. Kitabu chake na Millard cha 1957 kinataka uangalie kwanza, utambue, ndipo utibu. Mwaka huo huo AMREF, shirika la madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, ilizaliwa kutokana na wazo la madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile: Archibald McIndoe, binamu wa Gillies, Michael Wood aliyefunzwa na McIndoe, na Tom Rees. Ukanda huu ulianzishiwa udaktari wa ndege na watu wa fani hii hasa, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kuwa nyuma yao.

Nimeandika mara nyingi kuhusu mazoezi ya baada ya upasuaji na sitaacha. Kliniki za wageni za wiki moja hupiga picha ya kabla na ya baada, kisha huondoka. Kiungo kilichofunguliwa bila mazoezi hushikana tena. Mama wa Pate hawezi kila wiki kupanda boti hadi Lamu, avuke Mokowe, kisha akae kwenye basi hadi Mombasa. Basi afundishwe wodini: vijiti vya ulimi vipangwe kimoja juu ya kingine katikati ya meno, kiongezwe kimoja kila kinapoingia, mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Muuguzi wa zahanati ya karibu apewe rula na daftari. Kazi hiyo haionyeshwi kwenye slaidi, na ndiyo inayoamua kama upasuaji umefaulu.

Mtoto huyu arudishwe mezani sasa, asingoje miaka 18. Nanyi wazazi wa Faza, Siyu na Kizingitini: mtoto akiangukia kidevu, mpimeni kwa vidole vyake mwenyewe. Zikipita wiki mbili na vidole vitatu vilivyopangwa wima haviingii kati ya meno ya mbele, mpelekeni Hospitali ya King Fahd kule Lamu, mwombe eksirei ya taya, na msikubali kuambiwa ni uvimbe tu.