Hongera Wachora Utani

Barazani Kikwajuni, Unguja, karibu na magorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mtu hapachikwi jina la utani mpaka atazamwe vizuri. Ndiyo kazi ya mchora katuni anayezichezea picha kuu za Ulaya, na mimi nampongeza kwa dhati.

Mwaka 1919 msanii Mfaransa Marcel Duchamp alichukua kadi ya Mona Lisa akamtia masharubu na ndevu za kidevuni kwa penseli. Rahisi. Mchora katuni lazima amchore upya: mikono iliyopishana, njia inayojipinda nyuma, tabasamu la kujibana. Akikosea mkono tu, bibi hatambuliki na mzaha umekufa. Mwenyewe hana nyusi, ana ushungi mwembamba. Sokoni Darajani angepita bila ya kuulizwa!

Wanaosema kuzichezea picha hivyo ni kuidharau sanaa, siwasikii.

Huku kwetu Afrika Mashariki jicho hilo la kutazama vizuri analo Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kulichorea gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992. Humvuta mkubwa pua, akamwachia suti yake, nasi tunamjua kabla ya kusoma neno.