Rambirambi isiyomjua marehemu humliwaza nani?

Miaka michache iliyopita, rafiki yangu ambaye tulifundisha naye shule moja alifiwa na bintiye wa miaka saba. Nilikuwa mbali, na mazishi yakafanyika kabla sijapata nafasi ya kusafiri. Basi nikafanya nililolijua: nikaketi nikaandika barua. Nilimkumbusha kwamba sote ni wasafiri, kwamba uhai ni amana na mwenye amana akija kuichukua hatuna la kumwambia, kwamba wakati ni tabibu. Nikachomeka na busara za Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, ili barua ipate uzito. Niliisoma mara mbili nikaridhika nayo. Kusema kweli, niliridhika mno.

Hakunijibu. Nilipofika kwake baada ya miezi miwili, tulizungumza kuhusu mvua, karo na uhamisho wa walimu. Ni wakati wa kunisindikiza ndipo aliponiambia: “Mwalimu, ile barua tuliipata. Kiswahili chake, we acha tu! Nikampa mama watoto akaisoma. Alipomaliza akaniuliza, ‘Kwani huyu alimjua mtoto wetu?’”

Nilimjua. Hapo ndipo palipouma. Kila nilipowatembelea, msichana yule alikuwa akinifichia kiatu kimoja ili nisiondoke mapema. Kuna usiku nilirudi kwangu na ndara za babake. Katika kurasa mbili nilizoandika, habari za kiatu hazikuwamo. Hata jina lake halikuwamo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasoma upya maandishi ya kuliwaza, ya kale na ya baadaye, nikiwa na swali moja tu: mbona mengine humfikia mfiwa na mengine humpita kando?

Tuanze na istilahi, maana watu huzichanganya. Tanzia ni habari ya kifo, na wahakiki wamelipanua neno hilo likabeba pia utungo wenye mwisho wa huzuni. Maombolezo humlilia aliyekwenda. Liwazo ni kitu kingine: humgeukia aliyebaki. Wagiriki na Warumi wa kale walilifanya liwazo kuwa utanzu kamili wa fasihi, wenye kanuni na hoja zake. Mwandishi alikuwa nazo tayari kama fundi na vifaa vyake: kila aliyezaliwa atakufa, machozi hayamrudishi mtu, wapo waliofiwa na wengi zaidi nao wakavumilia, marehemu amepumzika na maumivu, heri kuushukuru muda mliokuwa pamoja kuliko kuulilia mliokosa. Hebu niambie, msomaji, kama hujazisikia hoja hizi zote katika matanga ya hivi majuzi. Kumbe zina umri wa miaka elfu mbili na zaidi!

Tumtazame Cicero. Februari mwaka 45 K.K., bintiye Tullia alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Cicero, msemaji aliyeitikisa Roma kwa ulimi wake, alijificha katika nyumba ya rafiki yake Atticus akasoma kila alichokipata kuhusu namna ya kupunguza huzuni. Kisha akaenda kwenye nyumba yake ya pwani kule Astura, akafanya jambo ambalo mwenyewe alidai halijafanywa na mtu kabla yake: akajiandikia liwazo. Kitabu hicho kimepotea na vimebaki vipande tu.

Kilichobaki kizima ni barua aliyoandikiwa na Servius Sulpicius, aliyekuwa gavana huko Ugiriki. Servius anasimulia kwamba alipokuwa safarini baharini kutoka Aegina kuelekea Megara, aliangaza macho pande zote akaona miji iliyowahi kuwika ikiwa imelala magofu: Aegina, Megara, Piraeus, Korintho. Akajiuliza, ikiwa miji nayo hufa, sisi viumbe wa siku chache tuna haki gani ya kunung’unika mmoja wetu akifa? Waswahili wangesema kifo cha wengi ni harusi.

Msomaji wa fasihi yetu hawezi kuipita taswira hiyo bila kusimama. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye aliyatazama magofu ya Pate, makasri yaliyokuwa na taa na wageni yakawa makao ya popo na bundi, akatunga Al-Inkishafi, utenzi unaokadiriwa kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 19. Sidai kwamba huyu alimsoma yule. Ninachokiona ni tofauti ya anayeambiwa. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuonya usihadaike na dunia. Servius anaichukua picha ileile ya magofu na kuipeleka kwa baba mwenye jeraha bichi. Ukijiambia mwenyewe kwamba dunia ni kivuli, hiyo ni hekima. Ukimwambia mtu aliyezika juzi, ni kama kumwambia kwamba mwanawe alikuwa tone tu baharini. Na kwa hakika Servius anakaribia kusema hivyo: Tullia anafanywa kuwa roho ndogo ya mwanamke mmoja ikipimwa kwa uzito wa mikoa na miji.

Cicero alijibu kwa adabu. Alikiri kwamba barua imemfaa kiasi, kisha akaeleza kwa nini haimtoshi. Mababa wa zamani waliofiwa na watoto, alisema, walikuwa na kazi za umma za kuwashughulisha. Yeye, chini ya utawala wa Caesar, alikuwa amenyang’anywa hata hizo, na Tullia ndiye aliyekuwa pumziko lake. Angalia anavyofanya: anayatoa mazungumzo kwenye miji na kuyarudisha kwa binti yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mwandishi anayetajwa zaidi katika utanzu huu ni Seneca, yule niliyemtumia kupamba barua yangu. Yapo maandishi yake matatu ya maliwazo, na ukiyasoma kwa mfululizo utaona si ya thamani moja.

La kwanza alimwandikia Marcia, aliyekuwa bado anamlilia mwanawe Metilius baada ya miaka mitatu. Marcia alikuwa binti wa mwanahistoria Cremutius Cordus, ambaye vitabu vyake viliteketezwa enzi ya Tiberius na yeye mwenyewe akajinyima chakula hadi akafa mwaka 25 B.K. Marcia ndiye aliyeviokoa vitabu vya babake. Seneca haisahau habari hiyo. Anaijenga hoja yake juu ya ushujaa ambao mama huyo alikwisha kuuonyesha. Hapo hoja inashika, kwa sababu ina mwenyewe.

La pili alimwandikia mamake, Helvia, akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Corsica. Hapa anayeliliwa ndiye anayeliwaza. Anaanza kwa kueleza kwa nini alichelewa kuandika: huzuni ikiwa bado mbichi, anasema, dawa huweza kuzidisha ugonjwa. Kisha anazihesabu hasara za mamake moja baada ya nyingine, ikiwemo hii: siku ishirini hazijapita tangu amzike mjukuu wake, mtoto wa Seneca mwenyewe, aliyefia mikononi mwake, akasikia kwamba Seneca naye ameondolewa. Mtu aliyeweza kuhesabu hivyo alikuwa amekaa chini akaufikiria msiba wa mamake, si msiba kwa jumla.

La tatu ndilo la aibu. Polybius, mtumishi mwenye ushawishi katika kasri la Claudius, alifiwa na nduguye. Seneca, akiwa bado Corsica na akitamani kurejeshwa Roma, akamwandikia. Ukurasa baada ya ukurasa, Claudius anamiminiwa sifa, na Polybius anaambiwa kwamba maadamu Kaisari yu hai, yeye hana haki ya kulia. Ukifika mwisho utakuwa unamfahamu Claudius zaidi kuliko ndugu aliyefariki. Tusimcheke Seneca peke yake, jamani. Nani kati yetu hajaketi chini ya hema la mazishi akimsikiliza mwanasiasa akitoa pole kwa dakika mbili, kisha akampigia debe mkubwa wake kwa dakika ishirini?

Linganisha na barua ya Plutarch kwa mkewe. Plutarch alikuwa safarini bintiye wa miaka miwili, Timoxena, alipofariki. Mjumbe aliyetumwa kumpasha habari alipishana naye njiani, akaja kuzisikia alipofika Tanagra. Akaandika. Hoja za kawaida zimo. Zimo hata zinazomkera msomaji wa leo: anamsifu mkewe kwa kutolia kupita kiasi, na anasema akimkuta amezidiwa na huzuni, jambo hilo litamuumiza kuliko msiba wenyewe. Tuseme ukweli, ni maneno makavu kwa mama aliyezika bila mumewe kuwapo. Lakini katikati ya barua hiyo anasimulia kwamba Timoxena alikuwa na desturi ya kumwomba yaya awanyonyeshe watoto wengine, na si watoto tu, hata vyombo na vidude alivyochezea, kana kwamba anavikaribisha mezani pake. Hapo ndipo barua inapopata uhai. Karibu miaka elfu mbili imepita, na bado tunamwona yule mtoto akimsukumia yaya kidude chake kinyonyeshwe.

Mtu anaweza kunipinga: je, si hoja ndizo zinazoliwaza, na kisa cha mtoto ni pambo tu? Mimi naona kinyume. Plutarch anadai kwamba kumkumbuka Timoxena kunapaswa kuleta furaha kuliko huzuni. Hiyo ni hoja. Lakini ingebaki maneno matupu kama asingempa mkewe kumbukumbu yenyewe ashike. Kisa ndicho kinachoithibitisha hoja.

Waandishi wakubwa wa utanzu huu waliujua udhaifu wake. Seneca huyohuyo, uzeeni, alimwandikia rafiki yake Lucilius aliyefiwa na mwenzake. Anaanza na mafunzo yake ya siku zote kuhusu kiasi cha kulia. Halafu ghafla anakiri: yeye anayeyaandika haya alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus bila kiasi, hata akastahili kutajwa miongoni mwa walioshindwa na huzuni. Kwangu mimi, ungamo hilo lina faraja kuliko kurasa zote alizomwandikia Polybius.

Samuel Johnson wa Uingereza aliigeuza hali hiyo kuwa tukio la kusisimua katika Rasselas, riwaya fupi ya mwaka 1759 kuhusu mwanamfalme wa Uhabeshi. Akiwa Cairo, Rasselas anamsikia mwanafalsafa akihubiri kwa ufasaha jinsi akili inavyoweza kuitawala huzuni. Baadaye anamkuta bingwa huyo katika chumba chenye giza, macho yenye ukungu: bintiye wa pekee amekufa kwa homa. Rasselas anamkumbusha mafunzo yake. Mzee anauliza, ukweli na akili vitamfaa nini sasa, isipokuwa kumwambia kwamba bintiye hatarudi? Johnson aliiandika kazi hiyo karibu na wakati wa kifo cha mamake, nayo fedha zake inasemekana zilikusudiwa kugharimia mazishi. Hakuwa akitania.

Kwetu, Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, alimtungia shairi akalipa jina lake: “Amina”. Hakuliita “Mauti” wala “Subira”. Anazungumza naye moja kwa moja, na sisi wasomaji tunasikiliza pembeni. Kwa kipimo cha istilahi, hayo ni maombolezo. Lakini nimeona wafiwa wakiliwazwa nalo kuliko mawaidha, pengine kwa sababu anayesema hajifanyi amepona.

Nirudi kwenye lugha. “Risala za rambirambi” limekuwa kama muhuri wa ofisi: linapigwa kwenye kila karatasi, wino uleule. Katika kikundi cha WhatsApp mtu ananakili ujumbe wa aliyemtangulia, anabandika, anaendelea na shughuli zake. Lakini Kiswahili kina neno jingine la zamani ambalo watu wa Pwani humwambia aliyefiwa: “Makiwa.” Lina undugu na ukiwa na mkiwa. Neno hilo halimfundishi mfiwa chochote, wala halimhimizi ajikaze. Linaitaja hali yake tu: umeachwa. Baada ya hapo, mnaweza kuketi mkazungumza. Hoja za Seneca zina nafasi yake, ila zije baadaye, na zije zikijua zinamhusu nani.

Nilimwandikia rafiki yangu barua ya pili. Haikuwa na Seneca ndani yake. Jina la binti yake sitalitaja hapa, maana si langu kulitoa gazetini, lakini katika barua ile nililitaja mara nne, na nikasimulia habari za kiatu. Safari hii aliyenijibu ni mkewe, kwa ujumbe mfupi wa simu. Aliniambia kwamba siku walipohamisha kabati walikuta soksi moja ya mwanamume ambayo si ya mumewe. Akauliza kama ni yangu.

Ilikuwa yangu. Nikamwambia aiweke.