Willie Nelson: Mtunzi Aliyetoboa kwa Wimbo wa Mwenzake

Kwenye taarab tumezoea jambo hili: mmoja anatunga shairi, mwingine analiimba, na anayetunzwa ukumbini ni mwenye sauti. Mtunzi yupo zake nyuma, kama yupo. Nimeliwaza hilo wiki nzima huku nikisikiliza upya *Red Headed Stranger*, albamu ya Willie Nelson ya mwaka 1975. Wimbo ni wa nani hasa, wa aliyeutunga au wa aliyeuimba?

Kwanza safari yake kwa ufupi. Nelson alizaliwa mwaka 1933 huko Abbott, mji mdogo wa Texas. Alipoingia Nashville mwaka 1960, njaa ilikuwa imeshamfundisha biashara mbaya: "Family Bible" aliiuza kwa dola 50, "Night Life" kwa dola 150. Mwaka 1961 mambo yakageuka. Faron Young aliifikisha "Hello Walls" kileleni mwa chati za kantri, na Patsy Cline akaichukua "Crazy" ikawa moja ya nyimbo zinazojulikana zaidi katika muziki huo. Mtunzi akapata jina na hela. Lakini akiimba mwenyewe, wanunuzi wachache.

Kwa nini? Maelezo ya kawaida ni kwamba eti sauti yake ni nyembamba, ya puani. Mimi nabisha. Huko RCA alirekodi chini ya Chet Atkins, prodyuza yuleyule aliyemtengeneza Jim Reeves ambaye wazee wetu wengi walimpenda redioni. Reeves anaimba kama mtu anayepiga pasi shati: hakuna kunjo linalobaki. Violini na waitikiaji vinamfaa. Nelson, kinyume chake, ni mtu wa makunjo. Anauacha mpigo umtangulie, kisha anaufukuzia na kuupita, kama mtu anayekusimulia jambo huku akitafuta neno. Ukimfunika na violini, uhai huo unasikika kama kosa. Shida haikuwa sauti, ilikuwa nguo aliyovishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akarudi Texas, akafuga nywele, akaanza upya Austin. Zikaja *Shotgun Willie* mwaka 1973 na *Phases and Stages* mwaka 1974. Kisha Columbia wakampa uhuru, naye akaenda studio ndogo ya Garland, Texas: gitaa lake, kinanda cha dada yake Bobbie, harmonika ya Mickey Raphael, na nafasi tupu nyingi. Wakubwa wa kampuni walipoisikiliza, walidhani ni rekodi ya majaribio tu!

Sasa hapa ndipo pananichekesha. Wimbo uliomfikisha nambari moja kama mwimbaji, kwa mara ya kwanza, haukuwa wake. "Blue Eyes Crying in the Rain" ulitungwa na Fred Rose, na Roy Acuff alikuwa ameshaurekodi miaka ya 1940. Mtu aliyewapa wenzake nyimbo miaka yote hiyo, kumbe alitoboa kwa kuazima.

Ila sikiliza alichoufanya. Albamu ni hadithi moja: mhubiri anaachwa na mkewe, anamfuata, anamuua yeye na mpenzi wake, kisha anatangatanga na farasi. Wimbo wa Rose ameupanga baada ya mauaji. Ukiusikia peke yake ni wimbo mtamu wa kuagana. Pale alipouweka, anayelia ni muuaji. Hakulazimika kubadili maneno ili kuubadilisha. Huo nao ni utunzi, na ndiyo maana sikubali kwamba aliacha uandishi ili awe nyota. Aliuhamishia kwenye kupanga, kunyamaza na kuchelewa.

Hata hivyo, tusimbebe mno. Katika hadithi hiyo wanawake wanakufa bila kusema neno. Mmoja anapigwa risasi kwa kumshika tu farasi wa huyo bwana, na hadithi inasonga mbele kana kwamba kilichoanguka ni kofia. Baadaye mhubiri anapata mapenzi mapya na utulivu, na sisi tunatakiwa kupumua naye. Mimi ninashindwa. Mtu anaweza kusema ndivyo zilivyo hadithi za namna hiyo. Lakini mwaka mmoja tu nyuma, katika *Phases and Stages*, Nelson huyuhuyu alisimulia talaka na kumpa mke upande mzima wa santuri aeleze yake. Alijua kufanya hivyo. Safari hii hakufanya, na albamu yake mashuhuri zaidi ikawa na moyo mdogo kuliko ile iliyoitangulia.

Kwa hiyo, wimbo ni wa nani? Kwangu, ni wa yule anayekulazimisha uusikilize upya. "Crazy" alitunga Nelson, lakini nikiiwaza nasikia Cline. "Blue Eyes" alitunga Rose, nami namsikia Nelson. Ukiwa na nafasi jioni ya leo, anza na *Phases and Stages*, upande wa mke, halafu ndiyo umfuate mhubiri. Utampenda bado, nadhani. Ila hutamwamini haraka.