Mvuvi wa Vyasa hakuulizwa

Wenzangu wa lisansi na nyinyi mnaosoma bado, leo ninaandika juu ya yoga. Najua wengine watacheka: mtu wa agronomia, wa Kalemie, anatafuta nini juu ya mkeka? Mwaka uliopita nilifuata kwa simu mafunzo ya ualimu wa yoga, yale ya saa 200 yanayofuata kanuni za Yoga Alliance, shirika la Marekani. Saa 30 kati ya hizo ni za historia, filozofia na maadili. Mimi njo hizo nilizokuwa ninangojea, ju kwetu moduli ilibeba jina zuri: filozofia ya yoga na haki ya kijamii. Ninataka kusema kilichonipendeza ndani yake, na kile ambacho kwangu hakisimami.

Kitabu cha msingi ni Sutra za Yoga za Patanjali, mafungu mafupi yasiyofika 200, yenye umri wa zaidi ya miaka 1500. Ile mikao ya mwili tunayoiona kwenye picha haina nafasi kubwa mule. Kinachotangulia ni yama, makatazo matano: kutodhuru, ambako wanakuita ahimsa, kutosema uongo, kutoiba, kuzuia tamaa ya mwili, na kutolimbikiza mali. Yaani mtu hajakunja hata mguu, ameshaulizwa anaishi namna gani na wenzake. Hapo nilisema sawa, hii ni kitu ya kusoma.

Sasa shida iko wapi? Katika mafunzo, kila katazo liligeuzwa kuwa jambo la moyoni tu. Kutodhuru ikawa usijiseme vibaya mbele ya kioo. Kutolimbikiza ikawa toa kabatini nguo usizovaa. Haki ya kijamii yenyewe ilipewa kipindi kimoja: tukaonyeshwa picha ya Gandhi, tukaambiwa tufunge macho na kuwatakia watu wote mema. Silaumu kumtakia mtu mema. Lakini mama aliyekimbia kijiji chake na sasa analala chini ya turubai nje ya mji wetu, hilo kabati atalitoa wapi?

Na ajabu ni kwamba kitabu chenyewe ni kikali kuliko wanaokifundisha. Sehemu ya pili, fungu la 31, kinasema makatazo haya yanakuwa nadhiri kuu pale yasipowekewa mpaka wa kuzaliwa, wa mahali, wa wakati, wala wa hali. Neno la Kisanskriti lililotumika kwa kuzaliwa ni jati, na huko India ndilo neno lilelile la matabaka ya ukoo. Lisome sasa ukiwa hapa Tanganyika. Tangu 2013, na kwa ukali zaidi 2016 na 2017, Batwa na Baluba wameuana katika jimbo letu. Kabla ya mishale kulikuwa na mashamba. Batwa walilimia wengine, na mara nyingi malipo yalikuwa chakula au pombe, siyo falanga. Wenye mashamba wengi walikuwa watu wapole, watu wa kanisa, wasiogombana na jirani. Upole wao ulikuwa na mpaka, na mpaka ulikuwa kuzaliwa. Fungu la 31 linauma mahali hapo kabisa. Niliuliza juu yake katika kundi letu, nikajibiwa kwamba swali hilo ni la siasa.

Lakini nisimsifu Patanjali kupita kiasi, ju kuna Vyasa. Huyu ndiye mfafanuzi wa zamani anayeheshimiwa sana wa Sutra. Akitaka kueleza mpaka wa kuzaliwa, anatoa mfano wa mvuvi: mtu huyu anadhuru samaki peke yake, hadhuru kitu kingine, kwa hiyo kutodhuru kwake kumepungua. Mimi nimekulia kando ya ziwa. Mfano una akili, ninakubali. Ila angalieni aliyechaguliwa kuwa mfano. Nadhiri kuu ni ya mtawa, na mtawa anakula alichopewa. Nani alilima huo mchele? Nani alimwagia maji, nani aliua panya ghalani? Mikono ya mtawa inabaki safi kwa sababu mingine imechafuka, kisha yule mwenye mikono michafu ndiye anayeandikwa kitabuni kama mpungufu. Yeye hakuulizwa.

Sisi wa kilimo pia tumo. Sheria za Manu, sura ya 10, fungu la 84, zinasema kilimo kinalaumiwa na watu wema, kwa sababu jembe la mti lenye ncha ya chuma linaumiza udongo na viumbe vilivyo ndani yake. Hapo nilicheka peke yangu, maana kisayansi ni kweli! Kugeuza udongo kila msimu kunaua nyungunyungu na kuvunja muundo wake. Ndiyo maana tulifundishwa kufunika ardhi kwa majani na kupunguza kulima. Tofauti ni hitimisho. Agronomia inasema tubadilishe namna ya kulima. Manu anamwambia mtu wa tabaka la juu ajiepushe na jembe. Bukari ataendelea kula, bila shaka.

Tuchukue jambo la ziwa letu. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ndani ya mpango wa pamoja wa nchi nne zinazoligawana: sisi, Burundi, Tanzania na Zambia. Kwa kipimo cha Vyasa, hiyo ni ahimsa yenye mpaka wa wakati, ni pungufu, sawa na mtu anayesema sitaua siku takatifu. Lakini ndagala ni samaki wa maisha mafupi, anazaa upesi, na miezi mitatu ya kupumzika ni kitu kikubwa kwake. Ahimsa yenye mpaka inaweza kumsaidia samaki kuliko nadhiri isiyo na mpaka ya mtu asiyejua kushika wavu. Basi swali linabaki la bei. Miezi hiyo mitatu nani anailipa? Mwenye mtumbwi, vijana wa taa za usiku, bamama wanaoanika ndagala na ambao tayari wanadaiwa. Kutodhuru kokote kuna bei yake, na moduli yenye jina la haki ilipaswa kuanza kwa kuuliza inatoka mfukoni mwa nani.

Mtu ambaye angetusaidia kuuliza hivyo hakutajwa hata mara moja: Ambedkar. Alizaliwa katika tabaka la wale walioitwa wasioguswa, akaja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Mwaka 1936 alitoa maandishi yaliyodai tabaka lifutwe kabisa pamoja na mamlaka ya vitabu vinavyolibeba. Gandhi akampinga, naye akajibu. Mwaka 1956 akauacha Uhindu na kuingia Ubudha. Kumweka Gandhi bila Ambedkar ni kama kufundisha 30 Juni 1960 kwa hotuba ya mfalme Baudouin na kuruka ile ya Lumumba.

Je, kuna mahali yoga imefikiria bei? Nairobi, labda. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa 2007 na Mmarekani Paige Elenson, inafundisha vijana wa mitaa maskini wawe walimu, na inatafuta michango ili walipwe wanapofundisha bure mtaani kwao. Kutegemea michango ya nje kuna hatari yake, mfadhili akichoka kijana anarudi alikotoka. Lakini angalau hapo kijana anahesabiwa kama mfanyakazi.

Kwa atakayeniuliza kama afuate mafunzo haya: fuata, kwa ajili ya pumzi na mgongo, na usome fungu la 31 pamoja na ufafanuzi wake, siyo muhtasari wa mwalimu. Na nyinyi wenzetu wa uvuvi na mazingira, mliofanya kazi zenu za mwisho juu ya ndagala, zamu ijayo ya kuandika ni yenu. Tuelezeni ziwa linapofungwa, nyumba ya mvuvi inakula nini.