Alumini Iliyotoka Chunguni

Mwaka 2007, Ramaswamy Murugan, Venkataraman Thangadurai na Werner Weppner wa Kiel, Ujerumani, walitangaza kauri ya lithi, lanthani, zirkoni na oksijeni, inayojulikana kwa kifupi kama LLZO. Ayoni za lithi zilipenya ndani yake kwa kasi ya kutia moyo, na, tofauti na kimiminika kilichomo ndani ya betri za simu, ambacho ingeweza kuchukua nafasi yake, kauri haishiki moto.

Ila kauri hiyo ina maumbo mawili. Fuwele zikikaa kama mchemraba, ayoni hupita vizuri. Zikibonyea upande mmoja, upitishaji hushuka takriban mara mia. Kwa nini tanuri moja litoe umbo zuri na jingine libaya?

Jibu lilikuwa kwenye chungu. Unga wa kutengenezea kauri hiyo huokwa kwenye vyungu vya alumina (oksidi ya alumini), kwa joto la zaidi ya nyuzi 1200 za Selsiasi, na mwaka 2011 Charles Geiger na wenzake walionyesha kuwa alumini hutoka chunguni na kuingia kwenye kauri. Atomu moja ya alumini huchukua nafasi ya lithi tatu, hivyo viti viwili hubaki wazi. Katika daladala iliyojaa hadi mlangoni hakuna anayeweza kusogea. Wakishuka wawili, wengine wanapata njia. Tangu hapo alumini ikawa inapimwa na kutiwa kwa makusudi, na wengine wakatumia tantali au gali.

Likabaki tatizo la uso. Kauri hii ikikaa hewani hufunikwa na utando wa kaboneti ya lithi, na metali ya lithi, ambayo ni elektrodi ya betri, haishikamani nao. Mwaka 2017, timu ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ilipaka kauri alumina nyembamba mno, na ukinzani kwenye mpaka wa kauri na lithi ukashuka kutoka 1710 hadi 1, kwa kipimo cha omu mara sentimita ya mraba. Mwaka huohuo, watafiti wa Michigan waliisugua kauri na kuipasha joto la nyuzi 500 pasipo hewa, wakafika 2 kwa kipimo hichohicho bila kupaka chochote. Njia hii ya pili inastahili sifa zaidi, kwa sababu iliondoa chanzo chenyewe cha tatizo.

Hata hivyo, betri ikichajiwa kwa kasi, nyuzi za lithi bado huota kwenye mipaka ya chembe za kauri hadi zikaunganisha pande mbili na kuleta shoti. Mpaka hilo litatuliwe, LLZO haitakuwa tayari kwa gari.