Theluji Yenye Wenyeji, Theluji Isiyo na Mtu

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway iitwayo The Snows of Kilimanjaro, iliyotoka kwanza katika jarida la Esquire mwezi Agosti 1936, imepigwa chapa kwa herufi za aina mbili. Yanayotokea kambini, ambako mwandishi Harry anakufa kwa mguu uliooza baada ya kuchomwa na mwiba, yako katika herufi wima. Yale ambayo Harry alikusudia kuyaandika na hakuyaandika yako katika herufi za mlazo. Ni rahisi kusema kwamba wima ni sasa na mlazo ni kumbukumbu, kisha mtu akakimbilia maudhui: kifo, majuto, fedha za mke. Naomba tubaki kwenye herufi zenyewe. Ndizo zinazogawa milima miwili ya hadithi hii, na ukiisoma Ngara au Biharamulo, mahali ambapo kilima maana yake ni migomba, kahawa na moshi wa jikoni, mgawanyo huo unakukwaza mapema.

Tuanze na mlazo. Theluji ndiyo inayounga kumbukumbu za kwanza. Inaanza kwa mbali, juu ya milima ya Bulgaria, mzee mmoja akikana kwamba ni theluji, na wakimbizi wakatumwa kuipita hadi wakafa ndani yake. Inafuata theluji ya bonde la Gauertal huko Austria, nyumba ya mkata kuni, ambako askari mtoro anaingia miguu ikitoka damu na wanaoishi humo wanawachelewesha polisi kwa maneno hadi nyayo zifunikwe. Kisha theluji ya Krismasi mjini Schruns, inayong'aa hadi kuumiza macho ya anayetazama watu wakirudi kutoka kanisani. Kila mara jambo lile lile linarudi na kila mara lina mtu mwingine. Hakuna theluji katika mlazo isiyo na nyayo.

Ufundi unakolea tunapofika Madlener-Haus, nyumba ya wapanda milima juu ya Schruns. Dhoruba imewafungia ndani wiki nzima, nao wanacheza karata kwa mwanga wa taa. Bwana Lent anaendelea kushindwa na kuongeza dau, hadi amepoteza mapato ya shule yake ya skii, kisha faida yote ya msimu, kisha mtaji. Ngazi hizo tatu zimo katika sentensi chache tu. Mwandishi wa kawaida angetuambia kwamba Lent alifilisika. Hemingway anatupa daftari la biashara ya mlimani kwa mpangilio ambao mwenye daftari mwenyewe angeusoma. Mkulima wa kahawa wa Ngara hahitaji kuelezwa tofauti kati ya kupoteza mauzo, kupoteza faida na kula mtaji. Anajua ni katika ngazi ipi mtoto anaacha shule.

Maarifa hayo hayakutoka hewani. Hemingway alikaa Schruns majira ya baridi ya 1924 na 1925, kila mara akivuka mwaka, katika Hoteli Taube ya familia ya Nels. Walther Lent alikuwa mtu kweli, na shule yake ya skii ilikuwepo. Siku hizo hapakuwa na mashine za kumvuta mgeni hadi juu. Ulifunga ngozi za sili chini ya skii, ukapanda kwa miguu yako saa kadhaa, ndipo ukapata haki ya kuteremka dakika chache. Hoteli ya familia, mwalimu wa mlimani, kibanda cha juu, mvinyo wa bondeni: uchumi mzima ulining'inia kwenye msimu, na mgeni aliyekaa miezi aliujua kwa majina ya watu.

Ndiyo maana mteremko wenyewe, unapokuja, umeandikwa kwa sintaksia ya mteremko. Mazungumzo ya Harry na mkewe kambini ni mafupi, yanakatika, yanarudi palepale. Sentensi mbili za skii hazikatiki hivyo. Ya kwanza inapita juu ya theluji laini, inashuka moja kwa moja kwenye ukingo mkali, inazunguka mara tatu kati ya miti ya matunda, inavuka mfereji, inatokea barabara ya barafu nyuma ya nyumba ya wageni; ya pili inafungua kamba za skii na kuziegemeza ukutani, na bado inaendelea hadi kwenye mwanga wa taa dirishani, moshi, harufu ya mvinyo mpya na kodiani ndani. Vitendo vinasukumana, nukta inasubiri hadi mtu afike mlangoni.

Miti ile ya matunda nayo isipitwe haraka. Kwa mwenye skii ni vizuizi vya kukwepa. Kwa mwenye nyumba ni mavuno ya miezi mingine, yaliyolala chini ya theluji. Katika hadithi hii Hemingway hakuandika neno lolote kuhusu kiangazi cha Schruns, lakini mizunguko mitatu kati ya miti imeuweka mwaka wote ndani ya sentensi ya baridi. Mlima huo una majira manne kwa sababu una familia inayoishi hapo hata baada ya wageni kuondoka. Harry mwenyewe anajiuliza aliishi huko majira mangapi ya baridi, naye anajijibu: manne.

Sasa twende kwenye wima. Kabla ya hadithi kuanza kuna dibaji fupi inayoutaja Kilimanjaro, kimo chake cha futi 19,710, jina lake kwa Kimaasai, na mzoga mkavu wa chui karibu na kilele, ambao hakuna aliyejua ulifuata nini huko. Chui huyo alikuwepo kweli; mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch alimkuta mwaka 1926. Lakini katika dibaji hayupo aliyemkuta. Hayupo aliyepima, hayupo aliyepanda. Sentensi ni za kitabu cha jiografia. Mlima umeletwa kwetu ukiwa na namba, jina na mzoga.

Mlima haurudi tena hadi mwisho. Usiku kifo kimemkalia Harry kifuani. Kisha, bila onyo, ni asubuhi, ndege imekuja, rubani Compton anampakia peke yake. Watashuka Arusha kuongeza mafuta. Lakini ndege inakata kushoto, inapita ndani ya mvua, na mbele yao kinatokea kilele cha mraba, kipana, kirefu, cheupe. Harry anajua huko ndiko anakokwenda. Safari hii haikutokea. Harry amekwisha kufa kitandani, na aya zinazofuata zinamwonyesha mkewe, Helen, akishtushwa na fisi na kumkuta hivyo. Hata hivyo safari imepigwa chapa kwa herufi wima. Sheria ambayo hadithi ilitufundisha kwa kurasa nyingi, kwamba kilicho wima kimetukia, imevunjwa mara moja tu, nasi tumeamini kwa sababu tulitii sheria.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake kwa hila kama hii. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliondoa kabisa uzio kati ya ndoto na uhalisia. Tangu ukurasa wa kwanza hujui umesimama upande gani. Hemingway anajenga uzio, anauheshimu, kisha anauruka. Njia ya Kezilahabi inamtia msomaji mashaka tangu mwanzo, na ya Hemingway inamlaza kwanza. Filamu ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi hii ilimwacha Harry aishi, na kwa kufanya hivyo ikaitupa hila yenyewe.

Ndani ya safari hiyo ya angani kuna tashbihi moja ambayo kwangu ndiyo bawaba ya hadithi. Harry anatazama chini, anaona wingu la rangi ya waridi likisambaa juu ya ardhi, naye anafikiria theluji ya kwanza ya dhoruba. Kisha anatambua kwamba ni nzige wanaotoka kusini. Hapa milima miwili inagusana kwa mara ya pekee. Theluji ya Austria, iliyojaa watu na hesabu, inavuka kutoka mlazo hadi wima. Inapovuka, inavua watu wake. Miaka ile ya 1930 Tanganyika ilikuwa ndani ya baa la nzige wekundu lililodumu zaidi ya miaka kumi. Chini ya lile wingu palikuwa na mtama, mahindi na mtu aliyekuwa akipiga debe kuokoa shamba. Katika Schruns Hemingway alijua nani alipoteza faida ya msimu. Hapa msimu mzima wa watu unaliwa, na sentensi inaona rangi.

Kisanaa, tashbihi ni kamilifu: inamtayarisha Harry, nasi pamoja naye, kwa weupe utakaofuata. Ila ukamilifu huo umelipiwa na upofu. Kinachofuata kinathibitisha. Kilele kinapotokea, ile sintaksia ya mteremko, iliyojaa vitendo, imenyamaza. Zimebaki sifa: upana, urefu, weupe. Hakuna mlango wa kufikia.

Na milango ilikuwepo. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889 alikuwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima Mwaustria, na masimulizi ya Marangu yanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wao. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kilele cha Kibo wakiwa na skii na kuteleza nazo huko. Barafu moja ya kileleni hadi leo ina jina la Furtwängler. Kwa hiyo theluji ya skii na theluji ya Kilimanjaro zilikwisha kukutana miaka 24 kabla ya hadithi kuchapwa. Chini yake Wachaga walikuwa na migomba, mifereji na biashara ya kuwapandisha wageni. Wala weupe wenyewe haukuwa wa milele: kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza kiasi cha asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Mlima wa wima hauna majira, haupungui wala hauajiri mtu.

Mtetezi atasema utupu huo ni wa Harry, si wa Hemingway. Ni ndoto ya mtu anayekufa, na hadithi inaijua hivyo. Ndiyo maana inaturudisha kwa Helen, kwa mguu uliofunguka bendeji, kwa fisi. Hoja ni nzito, nami naikubali kwa safari ya ndege. Haitoshi kwa dibaji. Dibaji haisemwi na Harry. Imesimama nje ya homa yake, kwa sauti ya mwandishi, na humo pia hakuna mtu. Ndoto ya mwisho inakubaliana na ramani ya mwanzo, na ramani aliichora Hemingway.

Kutoka Biharamulo jambo hili si la nadharia. Eneo hili limejua uwindaji kwa upande wa pili wa bunduki: pori la akiba la Biharamulo lilitangazwa mwaka 1959, na mwaka 2019 likaunganishwa na Burigi na Kimisi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kila nchi inapoitwa pori, kuna jirani yake anayejua nani alilima, nani alipita na ng'ombe. Mjini Biharamulo boma la Wajerumani lililojengwa kilimani ili kutazama watu kutoka juu limekuja kuwa nyumba ya wageni. Mtawala alihitaji kuona mbali tu. Mwenye nyumba ya wageni anahitaji maji, shuka, kuni na hesabu ya miezi isiyo na wateja. Kilima ni kile kile, lakini ukikisimulia kwa daftari la huyu wa pili unapata hadithi nyingine.

Hukumu yangu basi iko ndani ya herufi zake. Hemingway alikuwa na uwezo wa kuandika mlima wenye watu. Mlazo ni ushahidi, na kurasa za Schruns ndizo bora kuliko zote katika hadithi hii. Mlima Kilimanjaro uliachwa mtupu na mtu aliyejua kuujaza, kwa sababu alikuja hapa kuwinda msimu mmoja, mwisho wa 1933 na mwanzo wa 1934, akaugua na kusafirishwa kwa ndege, wala hakukaa hapa misimu miwili na familia ya mtu kama alivyokaa Schruns. Mwandishi wetu atakayetaka kuujibu mlima ule mweupe asihangaike kuupaka rangi nyingine. Amtafute Bwana Lent wa Marangu au wa Ngara, yule aliyepoteza mauzo, kisha faida, kisha mtaji, na aanzie hapo.